Nyuso Mbili Katika Picha Moja: Sharaku na Waigizaji wa Kabuki

Wako wahakiki wanaomhesabu Toshusai Sharaku, mchoraji wa Kijapani wa karne ya 18, kuwa ni bingwa wa dhihaka. Hudai kwamba aliwachora waigizaji wa kabuki ili kuwacheka. Sisi hatuafiki rai hiyo.

Kwanza hatuna budi kukumbuka picha hizi zilikuwa nini. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, wapenzi wa kabuki walinunua picha za waigizaji kwa bei nafuu. Picha haikuwa kazi ya mtu mmoja: mchoraji alichora, mchongaji akachonga mbao za mcheri, mpigaji chapa akapaka rangi na kukandamiza karatasi, naye mchapishaji akagharimia yote na kutafuta soko. Soko lilitaka sura nzuri. Utagawa Toyokuni, aliyeanza kutoa mfululizo wake mwaka 1794, aliliridhisha: waigizaji wake wamesimama wima, watanashati, wasio na ila.

Mwaka huo huo mchapishaji Tsutaya Juzaburo alitoa picha 28 za Sharaku, zinazoonyesha kichwa na kifua, nyuma pakiwa peusi na kumetameta kwa vumbi la ulanga. Tuitazame ile ya Otani Oniji wa Tatu akiigiza Edobei, mtumishi mwovu. Shingo imenyoshwa mbele, midomo imekazwa, vidole vimetanuka kifuani mithili ya makucha. Mikono ni midogo mno kwa uso ule. Kwetu hilo si kosa, kwani udogo wake hulirudisha jicho usoni, ambako uovu unapikwa.

Ya pili ni ya Segawa Tomisaburo wa Pili. Wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na tangu hapo wanaume ndio walioigiza nafasi zao. Katika picha hii mavazi na nywele ni za bibi wa heshima, lakini sura ni ya mwanamume, wala mchoraji hakuificha.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Darasani huwafundisha wanafunzi kutenganisha mwigizaji na mhusika. Toyokuni anamtukuza mhusika na kumfunika mtu. Sharaku anawaonyesha wote wawili, yule anayeigizwa na yule anayejitahidi kuigiza. Mwenye dhihaka angetaka tumcheke mtu huyo. Sharaku anatufanya tuione kazi yake.

Hatusemi kwamba picha zake zote ni sawa. Zile za baadaye, zenye mwili mzima na karatasi ndogo, zimepungukiwa na nguvu ya uso. Baada ya miezi kumi hivi na picha zaidi ya 140, mwanzoni mwa mwaka 1795, alikoma. Mwandishi Ota Nanpo alieleza kwamba alipita kiasi katika kutafuta ukweli, ndiyo maana hakudumu. Sifa zake Ulaya zilienea hasa baada ya kitabu cha Julius Kurth, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1910.

Walimu wenzetu, wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Uhakiki wetu nao, tunapohakiki tamthilia na washairi tunaowapenda, aghalabu husifu tu. Tujiulize basi: tunamheshimu msanii kwa kumpamba, au kwa kumtazama sawasawa?