Ufundi wa Kurekebisha Bila Kufuta

Katiba ya Marekani iliandikwa kwa mkono kwenye kurasa nne za ngozi. Chini ya ukurasa wa nne, kushoto kwa sahihi za wajumbe, kuna aya fupi ambayo watu wengi hawaisomi. Ni aya ya masahihisho. Karani Jacob Shallus, aliyelipwa dola 30 kwa kazi ile, alikabidhiwa matini Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 1787, na Jumatatu ilitakiwa iwe mezani. Aliruka neno hapa na pale, na mwishoni yote yakatajwa: kati ya mstari wa 7 na wa 8 wa ukurasa wa kwanza limechomekwa neno, kati ya mstari wa 32 na wa 33 yamechomekwa mengine, ukurasa wa pili nao una lake, na katika mstari wa 15 wa ukurasa wa kwanza neno “thelathini” limeandikwa kwa sehemu mahali palipokwanguliwa.

Hilo la “thelathini” lina kisa chake. Siku ya mwisho ya mkutano wa Philadelphia uliotunga Katiba hiyo, wajumbe wakijiandaa kutia sahihi, Nathaniel Gorham wa Massachusetts aliomba badiliko moja. Badala ya wabunge kutozidi mmoja kwa kila watu 40,000, kikomo kiwe mmoja kwa kila 30,000, ili mwananchi asiwe mbali mno na mwakilishi wake. George Washington alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti tangu Mei bila kuingilia mijadala. Siku hiyo alisimama na kuunga mkono, na hakuna aliyepinga. Wino ukakwanguliwa, tarakimu ya jana ikatoka, ya leo ikaingia. Sheria kuu ya nchi ikapokelewa na kovu lake, nayo yenyewe ikasema kovu hilo liko mstari wa ngapi.

Ninaipenda aya hiyo kuliko dibaji maarufu ya Katiba ile. Humo naona ufundi ambao waandishi wa sheria huusifu kwa nadra: kukubali tangu mwanzo kwamba kazi ya mkono wa binadamu itahitaji kusahihishwa, na kuweka wazi pale iliposahihishwa.

Wajumbe wa Philadelphia walikuwa wamejifunza hilo kwa uchungu. Mkataba wa Shirikisho, ulioyafunga majimbo 13 tangu 1781, ulidai kila badiliko likubaliwe na majimbo yote bila hata moja kukosekana. Serikali ya pamoja ilidaiwa fedha za vita vya uhuru na haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ilipoomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, Rhode Island ilikataa mwaka 1782, na mpango mzima ukafa. Jimbo dogo kuliko yote liliyashinda mengine 12 kwa neno moja la hapana. Ndiyo maana tarehe 11 Juni 1787 George Mason wa Virginia aliwaambia wenzake kwamba mpango wanaoutunga bila shaka utakuwa na kasoro, na ni heri kuuwekea njia rahisi na ya kisheria ya kuurekebisha kuliko kuiachia kazi hiyo bahati na mabavu. Sijui sentensi nyingine ya mkutano ule yenye busara zaidi. Miezi mitatu baadaye Mason mwenyewe alikataa kutia sahihi, kwa kuwa Katiba haikuwa na tamko la haki za raia.

Wengi husifu falsafa ya kazi ile na kusahau uandishi wake. Mapema Septemba rasimu ilikuwa na ibara 23 zilizopangwa kwa kadiri majadiliano yalivyokwenda. Kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kunyoosha lugha, na kalamu ikashikwa na Gouverneur Morris, mwanasheria mwenye mguu mmoja wa mti. Ibara 23 zikawa 7. Tatu za kwanza zimepewa mihimili ya dola, kila mmoja na ibara yake: Kongresi inayotunga sheria, Rais anayezitekeleza, mahakama zinazozitafsiri. Ya nne ni uhusiano wa majimbo, ya tano ni njia ya kurekebisha, ya sita yasema Katiba iko juu ya sheria zote za majimbo, ya saba yataka majimbo 9 yaidhinishe ndipo ianze kazi. Basi. Pamoja na sahihi zote ni maneno yapatayo 4,500. Aliyetunga hata kanuni za chama cha ushirika anajua jinsi ilivyo vigumu kuacha jambo bila kulisema.

Dibaji ya rasimu ya awali ilianza kwa kutaja watu wa kila jimbo, New Hampshire, Massachusetts na kuendelea hadi kusini. Morris aliyaondoa majina yote na kuwaweka watu wa Marekani nzima. Sababu ya kawaida ilikuwepo: kwa kuwa majimbo 9 tu yalitosha, hakuna aliyejua yapi yangekubali, na kuyataja yote 13 kungekuwa kusema uongo. Lakini kwa hatua hiyo ya mhariri, mwenye Katiba akawa mwananchi, si jimbo. Majaji na wanasiasa wamejenga hoja juu ya dibaji hiyo kwa zaidi ya karne mbili.

Ndani ya ibara hizo hakuna mhimili unaoaminiwa peke yake. Mswada hupita kwenye mabaraza mawili ya Kongresi, Rais anaweza kuukataa, na theluthi mbili za kila baraza zinaweza kuupitisha juu ya kukataa kwake. Rais huteua majaji, Seneti huwakubali au huwarudisha. James Madison alieleza mwaka 1788 kwamba tamaa ya mwenye cheo mmoja ndiyo ya kuwekewa kizuizi na tamaa ya mwingine, kwa kuwa watu wangekuwa malaika wasingehitaji serikali. Ni msingi mgumu, wala haupambi tabia ya binadamu, nami nauona wa kweli.

Ufundi huohuo ulitumika pia kuficha. Neno “mtumwa” halimo katika matini ya 1787. Waliofungwa minyororo wanaitwa “watu wengine wote”, na kila watano wanahesabiwa kuwa watatu ili kuwaongezea viti bungeni waliowamiliki. Anayetoroka utumwa anaitwa mtu aliyefungwa na wajibu wa kazi, na ni lazima arudishwe. Madison aliandika kwamba ingekuwa vibaya kuingiza ndani ya Katiba wazo la binadamu kumilikiwa kama mali. Kwa hiyo wakaondoa neno na kukibakiza kitu chenyewe. Ilipofika zamu ya ibara ya marekebisho, John Rutledge wa South Carolina alisema hataikubali ikiwa itawapa wengine nafasi ya kuugusa utumwa, na ikaandikwa kwamba biashara ya kuleta watumwa isiguswe kwa marekebisho yoyote hadi 1808. Huo ni ufundi wa hali ya juu uliowekwa mikononi mwa dhuluma, na kuusifu ufundi bila kusema hivyo ni kuwakosea waliokufa chini yake.

Twende sasa Agosti 1789, New York, katika Baraza la Wawakilishi. Madison ameleta marekebisho ya kwanza, yale ya haki za raia ambayo Mason aliyakosa. Anataka yaingizwe ndani ya ibara zenyewe, kila neno mahali pake, ili Katiba isomeke kama kitu kimoja na raia asilazimike kulinganisha kurasa. Roger Sherman wa Connecticut anapinga. Kwake Katiba ni tendo la wananchi na lazima ibaki nzima. Kuyafuma mapya ndani ya ya zamani ni kujaribu kuchanganya shaba, chuma na udongo. Yawekwe mwishoni, peke yake. Mwanzoni Sherman alishindwa. Siku chache baadaye hoja yake ilirudi, na baraza likamkubalia kwa theluthi mbili.

Kwa upande wa uhariri Madison alikuwa sahihi. Matini yenye viraka mwishoni ni ngumu kusoma. Hata hivyo nashukuru kwamba Sherman alishinda, ingawa sababu yangu si ile aliyokuwa nayo yeye. Leo mtu akifungua Katiba ile anakutana na hesabu ya watu watano kuwa watatu, palepale ilipoandikwa 1787. Akiendelea hadi mwisho anakuta Marekebisho ya 13, ya mwaka 1865, ambayo kwa mara ya kwanza yanautaja utumwa kwa jina lake, na yanautaja ili kuupiga marufuku. Kisha anakuta ya 14, ya 1868, yanayompa uraia kila aliyezaliwa nchini humo chini ya mamlaka yake na kuyakataza majimbo yasimnyime mtu ulinzi sawa wa sheria. Kosa lipo, jibu lake lipo, na mwaka wa jibu umeandikwa. Laiti Madison angepata alilotaka, ile hesabu ya aibu ingeondolewa kimya na mtoto wa shule asingeiona kamwe.

Yupo mtu mmoja aliyeijua vizuri thamani ya viraka hivyo, na habari zake zinagusa hadi kwetu. Thurgood Marshall, mzao wa watumwa, aliyashika Marekebisho ya 14 mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1954 akashinda kesi iliyovunja msingi wa kisheria wa kuwatenga watoto weusi shuleni. Mwaka 1960 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wenzake walimwita awe mshauri wao katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, na huko akaandika rasimu ya tamko la haki kwa ajili ya nchi yao. Mtu aliyepigania wachache weusi nyumbani kwao sasa alikuwa akitafuta maneno ya kuwalinda Wazungu na Wahindi watakaokuwa wachache katika nchi huru ya Waafrika. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Na 1987, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya Katiba, alikataa kuwapigia magoti wale wa Philadelphia. Alisema serikali waliyoiunda ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na ilihitaji marekebisho, vita vya wenyewe kwa wenyewe na mageuzi makubwa ya jamii ndipo ifikie kuheshimu utu wa watu wote. Yeye alisherehekea matengenezo. Nami niko upande wake.

Matengenezo yana njia yake, na njia hiyo ni nyembamba kwa makusudi. Theluthi mbili za mabaraza yote mawili hupendekeza, au theluthi mbili za majimbo hudai mkutano, njia ambayo haijawahi kutumika hata mara moja. Kisha robo tatu za majimbo huidhinisha. Kongresi imepeleka majimboni mapendekezo 33, na yaliyopita ni 27. Agosti 1920 haki ya wanawake kupiga kura ilibakiza jimbo moja, na katika bunge la Tennessee ikaning’inia kwenye kura ya Harry Burn, kijana wa miaka 24, aliyekuwa na barua ya mama yake mfukoni ikimsihi aunge mkono. Aliunga. Marufuku ya pombe iliingia 1919 na kutolewa 1933, nayo yote mawili, kuingia na kutoka, bado yamo kwenye matini. Na katika yale yaliyopelekwa majimboni 1789 mojawapo, la kuzuia wabunge kujipandishia mishahara kabla ya uchaguzi kupita, lililala hadi mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas alipoliandikia insha mwaka 1982. Mwalimu akampa alama ya C. Mwanafunzi akaanza kuyaandikia mabunge ya majimbo, moja baada ya jingine, na 1992 likawa Marekebisho ya 27.

Hofu yangu ni muda mrefu uliopita tangu hapo. Ukiliacha hilo la kale, badiliko la mwisho ambalo Kongresi ililipendekeza na likapita ni la 1971, lililowapa vijana wa miaka 18 kura, nalo liliidhinishwa kwa zaidi kidogo ya miezi mitatu. Leo majimbo 13 kati ya 50 yanatosha kuzuia lolote. Rhode Island ya 1782 ilihitaji kura yake moja tu ili kuzuia. Sasa inahitaji wenzake 12, lakini katika nchi iliyogawanyika vile hao hawakosekani. Njia ambayo Mason alitaka iwe rahisi imekuwa ngumu kupita kipimo, na mzigo wa kuibadilisha maana ya Katiba umewaangukia majaji tisa ambao hawapigiwi kura na wananchi. Nadhani hilo si jema kwao wala kwa Katiba yao.

Kwa msomaji wa huku kwetu nina ombi moja. Ukiipata Katiba ya nchi yako, usianzie kwenye dibaji. Anza na sehemu inayosema nani anaweza kuibadilisha na kwa kura ngapi. Katika Katiba ya Tanzania ni ibara ya 98. Katika ile ya Kenya ni ibara ya 255 hadi ya 257.