Injini ya Hiace Kwenye Hilux Kuukuu: Kazi Iko Tankini na Kwenye Nyaya

Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi huumbua kabureta. Voi iko takribani mita 580 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi takribani mita 1,400, na kati ya miji hiyo miwili mkandamizo wa hewa hupungua karibu asilimia 10. Kabureta haina habari. Jeti yake ina tundu la ukubwa mmoja tu, na petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiasi kilekile hewa inachopungua, kwa hiyo mchanganyiko huzidi kuwa mzito gari likipanda: karibu asilimia 5 ukianzia Voi, zaidi ya hapo ukianzia Mombasa. Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya 12R au 18R na mzigo wa saruji nyuma, hufika juu ikitoa moshi mweusi, plagi zimeshika masizi. Fundi akiirekebisha kabureta ifae Wundanyi, huku chini Voi mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi na injini inapata joto.

Ongeza jua la Voi lenyewe. Petroli iliyo kwenye paipu karibu na injini huchemka gari likiegeshwa mchana baada ya mwendo mrefu, pampu ya zamani inavuta mvuke badala ya mafuta, na dereva anabaki kumwagia pampu maji na kungoja.

Kwa sababu hizo wenye pikapu hizi huulizia injini ya EFI, yaani yenye injekta zinazoongozwa na kompyuta badala ya kabureta, na jina linalotajwa mara nyingi ni 1RZ-E, ile ya lita mbili iliyokuwa kwenye Hiace ambayo Wakenya waliibandika jina la Shark. Sababu za kuichagua hiyo ni za sokoni zaidi kuliko za kiufundi. Shark zilizobeba abiria kwa miaka mingi zimekatwakatwa na kuuzwa vipande, na nyingine huingia nchini kama nosikati, yaani sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa pamoja na injini, kutoka Japani, kwa kuwa gari zima lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Spea zake zipo, na fundi aliyewahi kuifungua yupo karibu kila mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa.

Kazi yenyewe, inavyofanywa katika gereji nyingi, ina kasoro moja kubwa ya bajeti. Pesa zinaishia kwenye chuma: injini, gia boksi, kuchomelea, rangi. Kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye tanki na nyaya. Ningegeuza hesabu hiyo juu chini, kwa sababu injini ya namna hii haishindwi na chuma. Inashindwa na mafuta yasiyofika na taarifa zisizo za kweli.

Chuma tukimalize haraka. Hiace humkalisha dereva mbele ya gia boksi, kwa hiyo lever yake hufika kwenye gia kwa viunganishi virefu ambavyo ndani ya Hilux havina pa kukaa. Afadhali kutafuta gia boksi ya Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya familia ya RZ, lever yake ikitokea moja kwa moja sakafuni. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, nayo iliumbwa kwa chasi ya Hiace, hivyo ikaguliwe dhidi ya mhimili wa mbele wa Hilux na vyuma vya usukani kabla ya mtu kuwasha mashine ya kuchomelea. Injini na gia boksi zining'inizwe zikiwa zimefungwa pamoja, zikae mahali pake, feni ipate nafasi mbele ya rejeta, ndipo mabano ya maunti yapimwe na kukatwa. Wapo wanaochomelea maunti kwanza kisha wakailazimisha injini iingie. Hao ndio ambao klachi zao haziishi kutetemeka. Propela ikatwe na kusawazishwa kwa mashine, si kwa macho, na pembe ya mbele ilingane na ya nyuma. Basi, upande huo fundi mzuri wa Voi hahitaji kufundishwa na mtu.

Tanki ndilo linalotaka maelezo. Pampu ya kabureta husukuma mafuta kwa mkandamizo mdogo, kati ya baa 0.2 na 0.3. Injekta zinataka karibu baa 3, yaani mara 10 hadi 15. Mpira wa zamani uliovumilia miaka 40 hautavumilia hilo, wala kile kibano cha waya kilichozoea kuufunga. Mpira unaofaa ni ule uliotengenezwa kwa mkandamizo mkubwa, na bei yake huwafanya wengi wanunue robo mita tu ya kuweka karibu na injini, huku chini ya bodi paipu ikibaki ileile ya zamani. Petroli haijui mpira mpya unaishia wapi. Itatafuta palipo dhaifu.

Kisha kuna jambo ambalo kabureta ililificha kwa miaka yote hiyo. Kabureta ina kibakuli chenye boya, na ndani yake hukaa akiba ndogo ya petroli. Pikapu ikikata kona kali huku inapanda, tanki likiwa na robo, mafuta hukimbilia upande mmoja na paipu ya kufyonza hubaki hewani kwa sekunde mbili tatu. Kibakuli hufidia, dereva hajui kitu. Injini ya EFI haina kibakuli. Pampu ikimeza hewa, mkandamizo huanguka hapo hapo na injini hukohoa katikati ya kona, lori likiwa nyuma. Tanki la Hilux ya zama zile halikutengenezewa pampu ya kukaa ndani wala kizuizi cha kutosha cha kuyatuliza mafuta.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kupasua tanki na kuweka ndani pampu ya EFI pamoja na beseni lake la plastiki. Ni kazi safi, ila tanki lioshwe na kutolewa mvuke wote kabla ya moto kulikaribia. Tanki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Ya pili, ambayo naipendelea kwa gari la kazi, ni tanki dogo la lita moja au mbili linalofungwa chini ya bodi. Pampu ya mkandamizo mdogo hulijaza kutoka tanki kubwa, pampu ya mkandamizo mkubwa huvuta kutoka kwalo, mafuta ambayo injini haikuyatumia hurudi humo, na yanayozidi hufurika kurudi tanki kubwa. Huo mfuriko una faida mbili: kitanki hubaki kimejaa hata kwenye kona, na mafuta yaliyopashwa joto na injini hayazunguki palepale bali hupelekwa kupoa nyuma. Chujio liwekwe kabla ya pampu ya kwanza, kwani kutu ya tanki kuukuu ndiyo itakayoiua pampu kabla vumbi jekundu la Tsavo halijapata nafasi.

Nyaya sasa. Chukua harnesi, yaani fungu la nyaya za injini, nzima kutoka gari lililotoa injini, pamoja na kompyuta yake, na uhakikishe kompyuta hiyo ni ya gia za mkono ikiwa ndizo unazofunga. Harnesi iliyokatwa kwa msumeno pale inapopita ukuta wa injini ni hasara, hata ukipewa bure, maana utaunganisha nyaya kadhaa kwa kubahatisha rangi.

Kosa linalorudi kila mara liko kwenye ethi. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5. Ethi ya injini ikiwa imefungwa juu ya rangi au kutu ya chasi, nusu volti hupotea njiani, na nusu volti ni sehemu moja ya kumi ya taarifa yote. Sensa ya joto la maji ni mfano mzuri: ukinzani wake hushuka injini inapopata moto, na kiunganishi kilicholiwa na kutu huongeza ukinzani usiokuwepo. Kompyuta husoma kwamba injini ni baridi, hata saa nane mchana pale stendi ya Voi, na humwaga petroli ya kuamshia asubuhi. Mwenye gari hulalamika kwamba EFI inakunywa mafuta. EFI inafanya ilichoambiwa. Kwangua chasi mpaka chuma king'ae, weka waya mnene kutoka betri hadi injini na mwingine hadi chasi, na ethi za kompyuta zirudi kwenye injini yenyewe pale kiwanda kilipoziweka.

Nyaya mbili hukatwa kwa kudhaniwa hazina maana. Moja ni ya taa ya injini kwenye dashibodi. Toyota za enzi hiyo zina kisanduku kidogo chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1; ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kufungua swichi, taa hupepesa idadi inayotaja hitilafu. Ni chombo cha uchunguzi kisicholipiwa hata shilingi, na watu hukiondoa kwa sababu Hilux ya zamani haikuwa na taa hiyo. Nyingine ni ya relei ya pampu. Kiwandani pampu huwashwa tu wakati injini inazunguka. Ikizima, umeme wa pampu hukatika. Fundi mwenye haraka huiunga moja kwa moja kwenye swichi, na gari linawaka vizuri kabisa. Siku likigongwa na paipu ikapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli kwa baa 3 mpaka mtu afikie ufunguo. Gari la namna hiyo nisingelipokea kutoka gereji.

Kuhusu sensa ya oksijeni kwenye egzosi, iache mahali pake. Zamani kuing'oa kulikuwa na mantiki, kwa sababu risasi iliyokuwa kwenye petroli iliiharibu upesi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio la Dakar la 2001, na tangu hapo sensa hiyo hudumu. Pamoja na kipimo cha hewa inayoingia, ndiyo inayoifanya injini ijue kwamba imefika Wundanyi na kupunguza mafuta bila mtu kufungua boneti.

Hapa ahadi moja ipunguzwe. Mafundi husema pikapu ya EFI haitausikia mlima. Itausikia. Hewa iliyopungua asilimia 10 hairudishwi na kompyuta. Injini yoyote isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho. Unachopata ni mchanganyiko sahihi, moshi kidogo, na injini inayowaka asubuhi bila choki ya kuvutwa. Wala teknolojia ya injeksheni si ngeni nchini. Ove Andersson alishinda Safari Rally mwaka 1975 kwa Peugeot 504 ya injeksheni, pampu yake ikifanya kazi kimakanika bila kompyuta yoyote, miaka ambayo pikapu za kazi za petroli hapa zilikuwa za kabureta.

Mwenye shughuli ya kubeba mawe Kasigau au mkonge Mwatate atauliza kwa nini asifunge injini ya dizeli ya Toyota, 3L au 5L, akaachana na nyaya zote hizi. Swali la haki. Kwa gari linalotembea polepole na mzigo kila siku, mbali na fundi wa umeme, ningemwambia afunge dizeli, akubali uzito zaidi mbele na kelele. 1RZ-E inamfaa anayepanda na kushuka barabara ya lami mara nyingi kwa wiki.

Ikishawaka, usiipeleke kwanza kwa rafiki kuonyesha. Funga geji ya mkandamizo kwenye paipu ya mafuta, uiweke ionekane kutoka ndani, punguza petroli hadi robo, kisha panda kutoka Mwatate ukiwa na mzigo. Sindano ikianguka kwenye kona, rudi kwenye kitanki na pampu ya kwanza. Sindano ikitulia lakini injini ikadhoofika, soma taa kabla ya kununua sensa yoyote. Karatasi nazo zifuate wiki hiyohiyo: namba mpya ya injini iingizwe kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, gari likishakaguliwa, na kampuni ya bima ijulishwe. Kwa hilo utahitaji risiti na hati za forodha za nosikati, kwa hiyo zidai kwa muuzaji siku ya kulipa, injini ikiwa bado iko sakafuni kwake.