Heshima ya Fundi wa Bodi

Kutu huanza kulila gari mahali ambapo mwenye gari hapatazami. Huanza ndani ya mlango, chini ya zulia, nyuma ya taa, katika mkunjo wa bati ambamo matope ya masika yaliingia na hayakupata pa kutokea. Siku rangi inapotoa kilengelenge juu ya madigadi na mwenyewe akashtuka, ugonjwa huwa umekwisha kukaa humo miaka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui kitu kinachofaa methali hiyo kuliko bodi ya gari kuukuu. Kwa hiyo nataka kumsifu fundi wa bodi anayepambana na kutu, yule anayefanya kazi kandokando ya Mbotela na mitaa jirani ya Eastlands, Nairobi, jua likimpiga kichwani. Sehemu bora ya kazi yake haionekani na mtu, naye huifanya vyema hivyo hivyo.

Adui anayepigana naye ni wa maumbile yenyewe. Chuma kilipochimbwa kilikuwa udongo mwekundu, kimeshikana na oksijeni. Tanuri ikavitenganisha kwa moto mkali, na tangu siku hiyo chuma kinatafuta njia ya kuirudia hali yake ya kwanza. Njia hiyo ni maji. Tone likitua juu ya bati tupu, ukingo wake hupata hewa nyingi na katikati yake hupata kidogo. Umeme hafifu hupita baina ya sehemu hizo mbili, na bati huliwa pale katikati, palipokosa hewa. Mwanasayansi Ulick Evans wa Cambridge alilichunguza tone hilo karne iliyopita, na anayelielewa amekwisha kuelewa mengi. Ataelewa kwa nini tope lililoganda ni baya kuliko mvua iliyolileta, kwa nini zulia lililolowa ni hatari kuliko mto uliovukwa, na kwa nini kiraka kilichobandikwa juu ya kutu huipa kutu kivuli cha kulia chakula chake. Chumvi nayo huharakisha mambo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Mnunuzi wa Nairobi mwenye busara akiambiwa gari limekaa Mombasa, huinama akalichungulia chini kabla ya kuuliza bei.

Nairobi yenyewe imejaliwa. Iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na upepo wa chumvi hauifikii, ndiyo maana magari ya kale bado yanatembea katika barabara zake. Lakini Eastlands ina mtihani wake, nao ni udongo. Upande huu wa jiji umekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi mvua zinapoanza, zile za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Magurudumu huurusha juu, ukashindiliwa ndani ya madigadi na katika pembe za sakafu, ukakaa humo na unyevu wake kwa majuma baada ya barabara ya Jogoo kukauka. Fundi wa Mbotela anaujua udongo huo kuliko anavyoijua rangi. Gari likiletwa kwake, kitu cha kwanza anachokitafuta ni mahali ambapo tope limelala.

Na magari anayoletewa yana historia. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, ikashinda 1975 na tena 1978. Ushindi wa namna hiyo, katika matope yetu wenyewe, uliwafanya Wakenya wayaamini magari hayo. 504 ikaunganishwa Mombasa, ikawa gari la mwalimu mkuu na la ofisa wa serikali, ikabeba abiria wa masafa marefu kuelekea magharibi ya nchi wakiwa wamebanana nyuma ya dereva. Wazazi wengi wa Eastlands walisafiri nayo kwenda kuzika, kuoa na kupeleka watoto shule za bweni. Mtu anayeitunza leo anatunza kumbukumbu ya nyumba nyingi.

Gari la namna hii halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Kutu ikiutafuna mhimili wa chini ya mlango, gari huanza kulegea kiunoni: milango hugoma kufunga, kioo cha mbele huweka ufa bila kugongwa, na siku ya ajali hakuna cha kumkinga aliyeketi ndani. Isitoshe, bati la zamani lilitoka kiwandani bila kinga ya kutosha. Porsche ilianza kutengeneza bodi za 911 kwa bati lililotiwa zinki katika miaka ya 1970, na wengine wakafuata polepole. Magari yaliyozaliwa kabla ya hapo, au katika viwanda visivyofanya hivyo, hayana kinga nyingine isipokuwa jicho na mkono wa mtu.

Tazama basi jinsi jicho hilo linavyofanya kazi. Mwenye gari anafika na swali lake la kawaida: “Fundi, hii itachukua siku ngapi?” Jibu la fundi wa kweli ni moja: “Mzee, wacha kwanza nifungue nione.” Hataji siku wala bei. Anang'oa viti, anakunja zulia, anafungua kadi za milango. Anagonga bati kwa kifundo cha kidole akisikiliza, maana bati zima hulia na lililooza hutoa sauti butu. Anapitisha sumaku, na pale isiposhika anajua kwamba mtu fulani, zamani, alijaza fila badala ya chuma. Kisha anachukua bisibisi na kuisukuma pale anapopashuku. Ikizama, ameupata ukweli. Mwenye gari huumia kuona tundu katika gari lake, lakini tundu lilikuwepo. Rangi peke yake ndiyo iliyokuwa ikiliziba.

Kinachofuata ni kukata, na hapa ndipo fundi anapopimwa. Kutu haina mpaka unaoonekana. Ukikata mahali ilipotoboa tu, umeacha nyuma bati jembamba lililokwisha kuambukizwa, na kiraka chako kitashikilia kitu kinachokufa. Inabidi kukata hadi chuma kizima, chuma kinachong'aa pande zote za mkato, hata kama kipande cha kuondoa kinageuka kuwa kikubwa kuliko ulivyomwahidi mtu. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita moja. Moto ukizidi linajikunja, ukipungua halishiki. Fundi huchomelea nukta hapa, nukta kule, akaacha lipoe, akarudi, mpaka nukta zikakutana. Kiraka chenyewe amekikata kwa mkasi, akakipinda juu ya kipande cha reli au bomba, akakipiga nyundo hadi kifuate mviringo alioubuni mchoraji wa Ulaya miaka zaidi ya 50 iliyopita. Hakuna kalibu iliyomwongoza. Ameutazama upande wa pili wa gari, ulio mzima, akaunakili kwa macho.

Baada ya hapo huja kazi ambayo hakuna atakayeisifu. Msasa, hadi kila doa jekundu litoke. Asidi ya fosforiki kwa vishimo ambavyo msasa haukuvifikia, ili igeuze mabaki ya kutu kuwa kitu kisichokula tena. Praima mara moja, siku hiyo hiyo, kwa sababu bati tupu likilala usiku mmoja wa Julai na umande wake, asubuhi limeanza kugeuka rangi. Kwenye maungio, gundi ya kuzibia. Chini, mpako mzito wa lami au raba. Ndani ya mihimili iliyofungwa, pasipofika brashi, nta au oili hupulizwa kupitia tundu dogo hadi ichuruzike upande wa pili. Mwishowe fundi huchukua waya na kuvizibua vile vitundu vya chini ya milango, ambavyo kiwanda kiliviweka ili maji yatoke. Magari mengi yameoza kwa sababu ya kitundu cha ukubwa wa punje ya mahindi kilichozibwa na tope, au na fundi mwingine aliyepaka lami bila kutazama.

Njia ya mkato ipo, nayo inajulikana. Jaza fila, lainisha, piga rangi, gari ling'ae leo. Fila hunyonya unyevu, na iliyojazwa juu ya kutu itaanguka na kipande cha bati mkononi. Lakini hiyo ni miezi ijayo, na mteja amekwisha kulipa na kuondoka. Fundi wa kweli ana njaa ile ile, kodi ile ile, na karo ile ile ya watoto. Anapokata hadi chuma kizima mahali ambapo zulia litafunika kesho, anafanya uamuzi wa kiadili ambao hakuna shahidi wake isipokuwa spana boi, mwanagenzi wake, aliyeshika taa. Na huyo kijana ndiye anayejifunza zaidi. Hajifunzi kuchomelea tu. Anajifunza kwamba upande wa ndani una haki sawa na upande wa nje. Wanaoshindanisha magari ya kale kila mwaka katika uwanja wa Ngong Racecourse wanalijua hilo: mwamuzi hainami kutazama chini ya gari kwa ajili ya desturi. Anainama kwa sababu huko ndiko gari linakosema kweli.

Ufundi huu si mgeni kwetu hata kidogo. Watu wa pwani wamejua kwa karne nyingi kwamba chombo hakitunzwi mara moja. Jahazi lilipandishwa ufukoni, likaegemezwa, maungio yakatiwa kalafati, sehemu ya chini ikapakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, ili mdudu wa baharini asitoboe ubao, na mbao za juu zikapakwa sifa. Baada ya safari, kazi ikaanza upya. Nahodha aliyeruka zamu alijua bahari ingemdai. Fundi wa Mbotela anapopuliza nta ndani ya mhimili na kumwambia mwenye gari arudi kabla ya mvua zijazo, anaendeleza hekima ile ile: kinga ni desturi, na desturi ikikatika, vyote vilivyotangulia vimepotea.

Ninaona pia kwamba mtaa wenyewe unamfundisha. Mbotela una jina la Tom Mbotela, kiongozi wa Kenya African Union aliyeuawa Nairobi mwezi Novemba 1952, na nyumba zake zilizokuwa za baraza la jiji zina umri wa magari haya au zaidi. Zimesimama kwa sababu wapangaji wamekuwa wakiziba, wakipaka, wakibadilisha mabati, mara nyingi kwa fedha zao wenyewe. Jirani yao ni Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, watu walioishi kwa kukitunza chuma. Leo jiji linaelekea kwingine. Nyumba za zamani za Pangani zimebomolewa na maghorofa yakainuka mahali pake, na mitaa mingine ya Eastlands imepangiwa mabadiliko ya namna hiyo. Sidai kwamba kila cha zamani kibaki. Familia inayobanana katika chumba kimoja inastahili nafasi. Ila nachelea jiji linalojua kubomoa na kununua, lakini limesahau kutunza. Maghorofa mapya yana nondo ndani ya zege, na maji yakizifikia zitavimba na kulipasua zege kama kutu inavyopasua rangi ya bodi. Jiji litawahitaji watu wenye jicho la kuuona unyevu mapema.

Jicho hilo lipo tayari, chini ya miti na kando ya barabara. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliueleza ulimwengu kwamba mafundi wasio na karakana rasmi wanazalisha mali na kufundishana ujuzi. Zaidi ya miaka 50 baadaye, bado tunawaita watu wa jua kali kwa sauti ya huruma. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia kazi kandokando ya Jogoo anaweza kuifanya na kupata cheti. Inafaa wenye magari wawasaidie vijana wa gereji kulipa ada ya mtihani huo. Inafaa shule za ufundi ziwaite mafundi hawa kuja kuonyesha jinsi kiraka kinavyopindwa kwa macho, kabla mikono hiyo haijazeeka.

Na kwa mwenye gari kuukuu nina ombi la wazi. Osha gari chini kabla ya kuliosha juu. Inua zulia kila mvua zinapokwisha. Ukienda kwa fundi, mwombe akuonyeshe mkato kabla haujapakwa chochote, kisha umlipe kwa saa za msasa na nta kama unavyomlipa kwa rangi, bila kumvutavuta bei kwa sababu kazi hiyo huioni. Anayeilipia rangi peke yake anamfundisha fundi kudanganya. Anayeulipia upande wa ndani anaulinda uaminifu wa fundi pamoja na gari lake, na kati ya hivyo viwili, uaminifu ndio mgumu zaidi kuupatia vipuri.