Katika Kuichagua na Kuitunza Redio ya Mfukoni

Mnunuzi aingiaye katika duka lolote la vyombo vya umeme katika barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, akaomba kuonyeshwa redio ya kutia mfukoni, aghalabu hupewa ithibati mbili za ubora wake: kwanza husomewa idadi ya bendi, tisa, kumi au kumi na mbili, zilizochapwa kwa wino wa dhahabu juu ya uso wa chombo, pili hufunguliwa sauti hadi kikomo, apate kusikia jinsi spika inavyounguruma. Ithibati zote mbili ni za ghururi. Wingi wa bendi ni kazi ya swichi ndogo na mchoro wa usoni, na makelele ni tabia ya kila redio, hata ile ambayo betri zake zina thamani kuipita yenyewe. Sifa iliyo adhimu haichapwi popote, nayo ni uwezo wa redio wa kukataa. Juu ya mapaa ya mji huu sauti nyingi hupita kwa wakati mmoja, za habari, za mahubiri, za muziki na za matangazo ya biashara; na redio iliyo bora ni ile ambayo, ikiambiwa ipokee moja, huzifungia nje zote zilizosalia. Ni bawabu, na bawabu hasifiwi kwa wingi wa wageni aliowafungulia mlango.

Sijui mahali pafaapo zaidi kumtahini bawabu huyu kuliko Hurlingham. Mtaa huu ulio magharibi ya jiji, baina ya Kilimani na Upper Hill, ambao barabara yake kuu iliitwa Hurlingham hadi ilipopewa jina la Argwings Kodhek, wakili na waziri aliyefikwa na mauti humo barabarani mwezi wa Januari 1969, ulikuwa zamani mtaa wa nyumba za chini zenye bustani pana na mijakaranda. Siku hizi maghorofa yamesimama mahali pa bustani, na kila ghorofa lina lifti, taa za LED, chaja zisizochomolewa ukutani usiku wala mchana, na juu ya ua waya za umeme za kuwatisha wezi. Kila kimoja cha vitu hivi ni kituo kidogo cha utangazaji ambacho hakikuomba leseni kwa mtu. Kadhalika mtaa huu una wasikilizaji waaminifu kuliko wote, nao ni walinzi wa malangoni, masoja kama waitwavyo Nairobi, ambao hukesha na redio mfukoni mwa koti kutoka magharibi hadi alfajiri. Atakaye kujua ni redio ipi hudumu na ipi hufa kabla ya mwaka, na awaulize hao kabla ya kumwuliza mwenye duka.

Mtihani wa kwanza hauhitaji chombo chochote ila sikio. Iweke redio katika FM, uinyanyue antena, kisha uzungushe gurudumu taratibu kutoka 92.9, walipo Radio Taifa wa KBC, hadi 93.9, ilipo BBC. Na katikati yao utawakuta Hope FM penye 93.3 na Milele FM penye 93.6. Majirani hawa wanne wamesongamana ndani ya megahezi moja tu, na hakuna mizani ya insafu kuliko hiyo. Redio njema huingia kwa mmoja, ikamsikilizisha kwa ukamilifu, ikamwacha kwa mpaka ulio dhahiri, kisha kukawa na pumzi fupi ya ukimya au mvumo mwepesi kabla ya wa pili kuingia. Redio duni haina mpaka: muziki wa Milele huanza kuchungulia nyuma ya sala ya Hope, na msomaji wa habari wa London akasoma juu ya wote wawili. Tazama vilevile kama kituo chenye nguvu hujitokeza mahali pasipo pake, labda mara mbili au tatu katika bendi. Hapo pana dalili kwamba mlango wa mbele wa redio umezidiwa, wala hakuna utunzaji utakaoiponya. Irudishe katika kabati.

Baada ya sikio, vidole. Gurudumu la kutafutia vituo ndilo kiungo ambacho watengenezaji hukifanyia ubahili kwanza, kwa kuwa picha haiwezi kuonyesha ulegevu wake. Lizungushe mbele hadi kituo kikae barabara, kisha ulirudishe nyuma kwa upana wa ukucha: sauti ikibadilika mara moja, kazi ni njema, likizunguka bure kidogo kabla ya mshale kuanza kutambaa, basi kamba au meno yake yamelegea, na kila usiku utapigana nalo. Halafu uishike redio kwa mkono mzima, uiachie, uishike tena. Katika masafa mafupi redio dhaifu huyumba kwa sababu ya kiganja tu, na kituo kikasogea kama mwili wa mtu umekuwa sehemu ya sakiti, na kwa hakika umekuwa. Mwisho tia betri zilizokwisha kuchakaa, wala usikubali zile mpya za muuzaji peke yake, kwa kuwa redio nyingi husimama imara kwa volti tatu kamili, na zikipungua hupotea njia.

Katika miaka hii limeingia jambo jingine linalompasa mnunuzi hadhari. Redio nyingi zenye gurudumu na mshale wa kizamani ndani yake hazina tena sakiti ya kizamani. Zina chipu moja ndogo inayopokea mawimbi na kuyachambua kwa hesabu, na gurudumu ni la kuiamuru tu. Utaitambua kwa kuwa sauti husogea kwa hatua, si kwa mtelezo, na baina ya vituo huzimika ghafula. Wapo wasikilizaji wa zamani wanaozidharau redio hizi; mimi siwafuati, maana kwa kukataa jirani aliye karibu, chipu hizo zimezipita redio nyingi za bei kubwa za enzi ya baba zetu. Aibu ya chipu ni nyingine: sauti hafifu ya mbali, ambayo sikio zoefu lingeifuata ndani ya mvumo, chipu huiona si kitu ikaizima. Mtu wa FM na achukue ya chipu bila wasiwasi. Mtu wa masafa mafupi na aisikilize kwanza usiku.

Na masafa mafupi ndiyo yaliyozipa redio hizi heshima yake. Sauti ya Cairo ilianza kuzungumza Kiswahili mwaka 1954, BBC 1957, Sauti ya Ujerumani 1963. Na katika kila nyumba ya Afrika Mashariki aliyekuwa na transista alijua saa ya kila mmoja kama ajuavyo saa za sala. Hali hiyo imepungua sana. Ujerumani iliufunga mtambo wake wa Kigali mwaka 2015, na mwezi wa Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe. Walakini masafa hayakufa, na mwenye redio njema bado hupata idhaa kutoka mabara ya mbali, maadamu anaijua tabia ya anga: mchana bendi za mita chache, 13, 16 na 19, ndizo zinazofika, jua likitua tabaka za juu hubadilika, na msikilizaji huhamia mita 25 na 31, kisha 41 na 49. Redio iandikwayo bendi kumi na mbili lakini ambayo bendi zake tano hazikupatii kitu wakati wowote uwapo macho, ina bendi saba. Fauka ya hayo, nyingi huanzia mita 49, zikaacha mita 60, ambayo ndiyo bendi ya nchi za joto, na ambayo Sauti ya Kenya ilikuwa ikiitumia kuwafikia watu wake.

Hapa ndipo penye mtihani ambao wauzaji wengi hawaujui. Redio ya kawaida hupokea wimbi kwa kuligeuza kwanza kuwa wimbi la ndani la kilohezi 455, na ikiwa hugeuza mara moja tu, kila kituo chenye nguvu huacha kivuli chake kilohezi 910 chini ya mahali pake pa haki. Basi usiku, zunguka pole pole hadi mwisho wa juu wa mita 49. Ukisikia idhaa iliyo nzuri penye 6,295, usifurahi. Ongeza 910, uende katika mita 41, na ukiikuta hiyohiyo penye 7,205 ikiwa na nguvu zaidi, umepata kivuli wala hukupata kituo. Redio igeuzayo mara mbili huviua vivuli hivi au huvifanya hafifu mno, nayo yastahiki bei yake. Kwa mwenye kununua kitu kilichotumika, wataalamu huisifu Sony ICF-SW100 ya miaka ya 1990, redio ndogo ya kufunguka kama kitabu, yenye uteuzi wa ajabu kwa umbo lake. Lakini aliye na hekima huifungua na kuifunga mara kadhaa hali ikiimba, kwa sababu utepe wa waya upitao katika bawaba za zile za mwanzo hukatika kwa mazoea.

Masafa ya kati yana adabu yake. Antena ya nje haina kazi hapo. Ndani ya redio mna kijiti cheusi cha feraiti kilichoviringwa waya mwembamba, nacho husikia kwa ubavu na huwa kiziwi kwa ncha. Kwa hiyo redio huzungushwa yenyewe, si antena. Kaa karibu na ua wenye waya za umeme usiku wa manane, uende katika mahali pasipo na kituo, nawe utasikia mdundo mkavu, tik, kisha takriban sekunde moja, tik tena. Ndizo pigo za ua. Sasa igeuze redio juu ya kiganja kidogo kidogo, kama atafutaye kibla, mpaka mdundo upungue na hatimaye uzame: ncha ya kijiti imeuelekea ua. Katika nafasi hiyohiyo mara nyingi stesheni iliyokuwa imefunikwa huinuka. Redio ambayo kijiti chake ni kirefu huzama kwa kina. Ile ambayo kijiti chake ni kifupi kama kidole gumba, hata ukiigeuza mchana kutwa haikuondolei kitu. Na kabla ya kuilaumu redio yoyote, chomoa chaja zilizo karibu na usogee dirishani, kwa maana kuta za zege huyameza mawimbi.

Katika utunzaji, adui mkubwa ni mawe, yaani betri, na huua zikisahauliwa ndani. Tangu kiwanda cha Eveready cha Nakuru kifungwe mwaka 2014, madukani kumejaa aina nyingi za bei rahisi ambazo hutoa maji mapema. Redio isiyotumika wiki mbili na itolewe mawe yake. Likitokea jambo, na ukayakuta mabati ya ndani yana unga mweupe wa mawe ya alkalaini, chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, ufute kwa uchache wa unyevu, kisha ukaushe kwa spiriti. Unga wa kijani uliokwisha kula bati hauponi ila kwa bati jipya. Zile zitumiazo betri bapa ya simu, ile iitwayo BL-5C, zina faraja kwamba betri yake hupatikana kila kibanda, lakini ikianza kuvimba itolewe siku hiyohiyo, kabla haijapasua mgongo wa redio. Antena isukumwe ndani kwa kushikwa chini, kipande kwa kipande, wala isipigwe kofi juu, kwani ndivyo zinavyopinda. Kiti cha gari lililoegeshwa juani si mahali pa kuiacha, na msimu wa masika na itiwe ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kutiwa katika koti.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, katika kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilichoanza mwaka 1966, aliwafunza Wakenya aibu ya mengi wanayofanyiana, na redio ya mfukoni ingalimpa mada: ndani ya matatu au katika foleni ya hospitali, tumia visikilizio. Lakini tundu la visikilizio pia lina taksiri yake. Likichomekwa na kuchomolewa kwa kupindishwa, vile vibati viwili vya ndani hukosa kurudi, na spika hunyamaza milele ilhali redio ni nzima.

Spika ikinyamaza hivyo, usiitupe. Mafundi wa vibanda bado wapo mjini, na tundu ni kazi ya lehemu kidogo. Mwangalie tu fundi atendavyo kwanza: aliye fundi ataiweka sikioni, atachomeka visikilizio, atayagusa mawe kwa kipimo cha volti, ndipo aulize imeanza lini. Akishika bisibisi kabla ya kuisikiliza, mshukuru uichukue redio yako. Na bei ipatanwe kabla parafujo ya kwanza haijalegezwa, pamoja na sharti kwamba kipande kilichotolewa utakabidhiwa mkononi.