Wasifu wa Marehemu na Kumbukumbu za Aliye Hai

Katika sharika za Kilimanjaro upo utungo mmoja usomwao karibu kila juma, nao ni nadra kuhakikiwa kama utungo. Huo ni wasifu wa marehemu. Akaaye Bomang'ombe, pale ambapo njia ya Sanya Juu huachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, huyaona mara kwa mara magari ya msiba yatokayo Dar es Salaam na kwingineko yakipanda kwenda vihambani. Si ajabu ndani ya gari mojawapo awemo mtoto wa marehemu anayemalizia kuandika wasifu juu ya goti lake.

Twaufahamu mpangilio wake. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akafunga ndoa, akashika kazi hii na wadhifa ule, akaugua, akatibiwa, akalala katika Bwana. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mpangilio huu una faida: hutunza tarehe, huwashukuru wauguzi, huonyesha ukoo ulivyoenea. Hata hivyo una kasoro ambayo yatupasa sisi wachungaji na wanafunzi wa theolojia kuitambua kabla ya wengine. Sisi tunaohubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo, twawazika watu wetu kwa orodha ya matendo. Katika wasifu hakuna aliyekosea, hakuna aliyeogopa, hakuna aliyesamehewa. Na pasipo msamaha, neema inakaa wapi?

Tumlinganishe mwandishi wa wasifu na Augustino. Alipoandika Maungamo yake, karibu na mwaka 400, alikuwa tayari Askofu wa Hippo, mwenye vyeo vya kutosha kujaza kurasa. Lakini katika kitabu cha pili kati ya vile 13 anakaa kwa muda mrefu juu ya wizi wa matunda alioufanya na vijana wenzake akiwa na umri wa miaka 16. Matunda yenyewe hayakuwa bora, na mengi waliwatupia nguruwe. Jambo dogo namna hiyo halingeingia katika wasifu wetu hata kwa nusu mstari. Kwake ndilo mlango wa kuuliza kwa nini mwanadamu hupenda ubaya usio na faida. Neno la Kilatini alilolipa jina kitabu chake hubeba maana mbili: kuungama dhambi na kukiri sifa za Mungu. Kumbukumbu zake zimekuwa kitabu kwa sababu maana hizo mbili hazikutenganishwa. Wainjilisti nao walifanya vivyo hivyo: Petro alikuwa mkuu wa mitume, nao hawakuficha moto wa makaa, kijakazi wala jogoo.

Karibu nasi yuko Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ambaye masimulizi yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, husomwa siku hizi katika jalada moja. Huyu hakuwa Mkristo, wala hatumtaki aandike kama Augustino. Twajifunza kwake jambo jingine: anajua anasema na nani. Aliwatungia wanawe nasaha ndefu kwa mashairi, na kifo cha mkewe Amina alikiombolezea kwa shairi. Augustino asema na Mungu, Shaaban Robert asema na wanawe. Wasifu wetu wasema na nani? Mara nyingi husema na wageni wa heshima waliokaa mstari wa mbele, na ndiyo sababu vyeo huchukua nafasi ya mtu.

Hasara yake si ya fasihi peke yake. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, waliondolewa nchini mwaka 1920 baada ya vita, na waalimu wenyeji wakabaki wakizichunga sharika. Waliamua nini walipokosa wa kumwuliza? Nani alikata tamaa akarudi? Kwa sehemu kubwa majibu yameingia kaburini pamoja nao, nasi tumebaki na taarifa za wageni. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki mwaka 1927, alijaza madaftari ya historia ya Wachagga. Mwaka 1964 Kathleen Stahl alipotoa kitabu chake cha Kiingereza juu ya historia hiyo, madaftari ya Mtui yalikuwa miongoni mwa nguzo zake. Twamshukuru Stahl. Lakini daftari lisilokamilishwa na mwenyewe husubiri mkono wa mwingine, na mkono huo huchagua kwa shabaha yake.

Huenda msomaji akasema kwamba msibani si mahali pa kuanika aibu, na kwamba mila zetu hutaka marehemu asitiriwe. Twakubali kabisa. Hatuombi wasifu ugeuzwe kuwa maungamo ya mtu asiyeweza tena kujitetea. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi hii ni ya aliye hai, maana hakuna awezaye kuungama kwa niaba ya mwenzake. Hata Augustino, aliyejianika mwenyewe, hakumtaja kwa jina mama wa mwanawe Adeodato. Na mchungaji aandikaye maisha yake hana ruhusa kutia humo neno lolote aliloambiwa katika maungamo.

Basi, kwa mwinjilisti mstaafu aliye na daftari sandukuni, shauri letu ni hili. Auchukue wasifu wake kama orodha ya sura, kisha afute zilizo nyingi. Achague siku tatu au nne ambazo baada yake hakuwa mtu yule yule, aeleze mahali, saa na maneno yaliyosemwa. Tarehe azilinganishe na vitabu vya ubatizo na ndoa vya usharika, kwa maana kumbukumbu hupenda kusogeza miaka. Atenge aliyoyaona na aliyoyasikia. Amchague mtu mmoja wa kumwandikia, kama mjukuu aliyekulia mjini. Nasi tulio vijana katika kazi hii tumwendee na kalamu wakati angali anaweza kutusahihisha.