Huruma na Riba: Maadili ya Kikristo katika Mabepari wa Venisi

Wako watu wanaodhani kwamba maadili ya nchi za Magharibi ni Ukristo mtupu uliogeuzwa kuwa sheria na desturi. Wako wengine wasemao kwamba dini huko ilikuwa pazia tu la kufichia tamaa ya mali. Maoni hayo yanapingana, lakini yana kasoro moja: yote mawili yanarahisisha jambo gumu. Katika makala haya tutalipima jambo hilo kwa kuichunguza tamthilia ambayo wanafunzi wetu wanaweza kuisoma kwa Kiswahili, yaani Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1596 au 1597, na ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1600.

Kisa chenyewe chajulikana. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, mkopeshaji Myahudi, ili amsaidie rafiki yake Bassanio. Asipolipa katika miezi mitatu, atakatwa ratli moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinafika kwamba merikebu zake zimepotea, na Shylock anadai alichoandikiwa. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamsihi Shylock awe na huruma. Shylock anakataa, naye Portia anamnasa kwa mkataba ule ule: nyama aikate, lakini asimwage hata tone moja la damu.

Ili tuelewe chuki iliyomo katika kisa hiki, yatupasa kwanza tuielewe riba. Kanisa la Magharibi lilifundisha kwa karne nyingi kwamba kutoza riba ni dhambi. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima maziko ya Kikristo watu waliojulikana kuwa wala riba. Lakini biashara haiendi bila mikopo. Wayahudi, ambao katika miji mingi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wengi wao waliachiwa kazi hiyo, kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza wavae mavazi ya kuwatofautisha na Wakristo. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Uingereza mwaka 1290. Venisi yenyewe iliwatengea mtaa wao mwaka 1516, wakawa wakifungiwa humo usiku. Basi maadili yaliyokusudiwa kumlinda maskini yalizaa pia mtu wa kulaumiwa.

Wakati wa Shakespeare maadili hayo yalikuwa yamekwisha kuanza kulegea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1545 iliruhusu riba isiyozidi asilimia 10. Ikafutwa mwaka 1552, na kuanzia mwaka 1571 riba ya kiasi hicho ikavumiliwa tena. Wakristo wa London walikopeshana kwa riba, huku jukwaani wakimzomea Myahudi kwa tendo lile lile. Hapa ndipo ulipo ukali wa tamthilia hii: mtazamaji anacheka dhambi ambayo yeye mwenyewe ameizoea.

Wahakiki wengi wameigawa tamthilia hii katika pande mbili: Myahudi ni sheria, Mkristo ni huruma. Mgawanyo huo hausimami. Huruma ambayo Portia anaisifu ilihubiriwa na manabii wa Israeli, Hosea na Mika, karne nyingi kabla ya Kristo, na katazo la kumtoza ndugu riba limo katika Torati. Ukristo uliyarithi mafundisho hayo, ukayaeneza Ulaya nzima. Kwa hiyo mahakamani Shylock anafundishwa, kana kwamba ni jambo geni, neno lililotoka katika maandiko ya wazee wake.

Tena tutazame matendo ya hao wanaofundisha. Antonio hatozi riba, na hiyo ni sifa. Lakini amemtemea Shylock mate na kumwita mbwa, wala hajuti. Baada ya hukumu, Mtawala anamwachia Shylock uhai wake, naye Antonio anatoa sharti kwamba Shylock awe Mkristo. Yumkini watazamaji wengi wa siku zile waliona kwamba hiyo ndiyo huruma kuu, kwa kuwa waliamini ubatizo unaiokoa roho. Kwetu sisi, imani inayotolewa kama adhabu imekwisha kupoteza huruma yake.

Lakini hoja nzito kuliko zote inatoka kinywani mwa Shylock. Anawakumbusha mabwana wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua, na wanawatumia kama punda na mbwa. Je, watakubali kuwaachia huru kwa kuwa yeye amewaomba? Hakuna mtu katika mahakama ile anayemjibu. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye nchi yake ilipitiwa na misafara ya watumwa, hana budi kusimama hapo. Jibu lilichukua muda mrefu. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 ikapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake. Wakristo kama William Wilberforce waliupigania ukombozi huo kwa kuisoma Biblia. Na wenye mashamba ya watumwa nao walijitetea kwa Biblia hiyo hiyo.

Wala kipimo hicho hakikuwazuia watu kupotoka tena. Mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi, tamthilia hii ilichezwa ili kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi. Ilifika mwaka 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokataa rasmi kuwatwika Wayahudi wote hatia ya kifo cha Kristo.

Tafsiri nayo ina la kutuambia. Neno bepari lilitujia kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Kwa jina hilo Antonio na Shylock wanawekwa katika kundi moja, na tofauti ya dini inapungua mbele ya swali la mali. Neno riba nalo lina uzito wake kwetu, kwa sababu Uislamu pia umeiharamisha. Hivyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Venisi ili aelewe aibu yake.

Tunahitimisha kwamba Ukristo uliipa Magharibi kipimo cha maadili, na mara nyingi waliokishika kipimo hicho walionekana wapungufu walipopimwa kwacho. Shakespeare, kwa kukusudia au kwa kutokusudia, ametuachia ushahidi wa mambo yote mawili. Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii asiridhike darasa likishangilia kushindwa kwa Shylock. Awaulize wanafunzi nani katika mahakama ile alionyesha huruma iliyomgharimu kitu. Kisha awaache wajiulize swali hilo hilo juu ya maadili tunayoyatangaza sisi wenyewe.