Machozi ya Nani? Kifaransa cha Kiangazi katika Tamthilia ya Rattigan

Tamthilia ya Terence Rattigan iitwayo French Without Tears ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 6 Novemba 1936, katika ukumbi wa Criterion, ikaendelea hata ikapindukia maonyesho elfu moja. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 25. Imezoeleka kuitwa mchezo mwepesi, wa kuchekwa usiku mmoja na kusahauliwa asubuhi. Sisi tufundishao lugha hapana budi tuitazame kwa jicho jingine, kwani ni michache mno michezo inayomweka jukwaani mwanafunzi wa lugha akiwa kazini, au tuseme akiikwepa kazi.

Kisa chake si kirefu. Katika nyumba iitwayo Miramar, kwenye mji mdogo wa pwani ya Ufaransa, Monsieur Maingot amewapokea vijana wa Kiingereza waliokuja kukaa kiangazi ili wajue Kifaransa. Alan Howard ni mtoto wa balozi, naye anaandaliwa kuingia kazi ya baba yake ilhali moyo wake uko kwenye riwaya. Wamo Kit Neilan na Kenneth Lake. Yumo Brian Curtis, anayekitaka Kifaransa kwa ajili ya biashara. Na baadaye anawasili Rogers, afisa wa jeshi la majini, ambaye wenzake wanamwona kama kipande cha mbao. Yuko pia Diana, dada yake Kenneth, ambaye hakuja kusoma chochote lakini anawashughulisha wanaume hawa kuliko kitabu chochote. Rattigan aliyajua mambo haya kwa kuyaishi: baba yake alikuwa mwanadiplomasia, naye mwenyewe, katika ujana wake wa Oxford, alipelekwa Ufaransa kwa mafunzo ya namna hiyo hiyo.

Kichekesho kinachokumbukwa zaidi kimo mwanzoni kabisa. Kenneth amepewa sentensi ya Kiingereza aitie katika Kifaransa, inayomsema mwanamke anayejikweza kupita hadhi yake. Neno la Kiingereza lililotumika kwa hadhi ndilo pia litumikalo kwa mahali pasimamapo gari moshi. Brian, bila kusita, anampa neno gare, na mwanamke yule akawa mwenye mawazo yaliyoipita stesheni. Watu hucheka, nao wana haki. Lakini na tuangalie kosa lenyewe limezaliwa wapi. Brian hakupungukiwa na msamiati; gare analijua vizuri. Asilolijua ni kwamba maana mbili zilizozoea kulala katika neno moja nyumbani kwao, kwa jirani zimejengewa nyumba mbalimbali. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa, maana hana haja ya kuieleza tashtiti hii katika tanbihi. Tunalo neno daraja. Mwambie mwanafunzi wetu afasiri kwamba fulani ana mawazo yaliyopita daraja lake, naye aandike pont, na kosa litakuwa lile lile, tena litakuwa letu. (Nimelijaribu darasani. Wanafunzi wawili waliliandika kwa moyo mkunjufu, wasijue kuwa ni mtego.)

Sasa tuulize: ni nani katika Miramar ajuaye lugha mbili? Si wageni. Ni Jacqueline, binti wa mwalimu, anayesema Kiingereza ambacho lafudhi ya kwao haisikiki ila kwa mbali. Yeye humsaidia Kit masomo yake, tena anampenda, na kila azungumzapo la moyoni hulisema kwa lugha ya wageni wake. Ugomvi wa Kit na Rogers juu ya Diana, hofu ya Alan anapogundua kwamba Diana anamtaka yeye, upatanisho wa wanaume baada ya kutambua kwamba wote wamechezewa: yote hupita kwa Kiingereza. Kifaransa kimebakia lugha ya zoezi. Brian peke yake, mwenye sarufi ya kuvunja moyo, ana mwanamke mjini wa kuzungumza naye, na mwanamke huyo hatumwoni jukwaani.

Mtu ataweza kupinga kwamba hadhira ya London isingeelewa neno kama mambo yangesemwa vinginevyo. Ni kweli. Lakini mtunzi hodari huigeuza shida ya jukwaa kuwa maana, na Rattigan amefanya nusu ya kazi hiyo. Ametuonyesha waziwazi kwamba kumpeleka mwanafunzi katika nchi ya lugha hakutoshi ikiwa atafuatana na wenziwe na kila haja yake itajibiwa kwa lugha ya kwao. Nusu ya pili ameiacha. Jacqueline, aliyevuka mpaka wa lugha kuliko yeyote pale ndani, amepewa kazi ya kumngoja mwanamume amtazame. Juhudi iliyompatia Kiingereza kile haisemwi hata mara moja.

Siwasemi vijana wa Miramar kwa kujitoa miye. Nilipata kukaa wiki sita za kiangazi katika mji mmoja wa Ufaransa, Wakenya tukiwa wanne. Asubuhi tulikuwa darasani. Jioni tulikula pamoja, tukasengenya kwa Kiswahili mpaka taa zizimwe. Bibi mwenye nyumba alikuwa amejifunza kusema "bado" mahali pake hasa, kwa sauti yake hasa, kabla sisi hatujajua kumwomba shuka la pili. Nilirudi na cheti.

Hata hivyo hatukuwa sawa na wale vijana, na hapa ndipo jina la tamthilia linapoanza kukwaruza. Maingot huwataka wanafunzi wake waseme Kifaransa. Wanapokiuka hufokewa, na hadhira hucheka. Mwaka 1956 Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire alitoa riwaya yake Climbié, na humo amri ya shule ni ile ile: Kifaransa tu. Lakini mtoto aliyeponyokwa na lugha ya mama yake hutiwa mkononi kitu kidogo kiitwacho symbole, naye hana raha mpaka amnase mwenziwe ampokeze. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza desturi ya jinsi hiyo hapa Kenya katika Decolonising the Mind (1986), Kiingereza kikiwa ndicho kilichoamrishwa na Kikuyu ndicho kilichoadhibiwa. Amri ni moja. Huko Ulaya imezaa kichekesho cha maonyesho elfu. Huku imezaa watoto wanaopelelezana. Alan mwishowe anaamua kurudi Uingereza akamwambie baba yake kwamba hautaki ubalozi, na hakuna amwulizaye Kifaransa chake kimefika wapi. Climbié hana nyumbani pa kurudi ambako swali hilo halitaulizwa.

Simlaumu Rattigan kwa kutoyajua ya Dadié, aliyeandika miaka 20 baada yake. Ninalodai ni kwamba sisi hatuwezi kuisoma tamthilia hii kana kwamba hatuyajui. Itakapofasiriwa na kuigizwa kwa Kiswahili, na naona inafaa, mfasiri asiwape wahusika wote Kiswahili cha kiwango kimoja. Wageni wapewe Kiswahili cha kawaida cha vijana wa mjini, chenye matani na uvivu wake. Jacqueline apewe Kiswahili kizuri kupita cha wote pale jukwaani, kilichochujwa, cha mtu aliyekisomea kwa taabu na asiyethubutu kukosea. Na maneno ya Maingot ya kufoka yaachwe kwa Kifaransa, bila tafsiri.